Ukitaka Kusomea Usanifu wa Bidhaa Chuo Kikuu cha Umma

Chukua jiko la makaa mnalopikia nyumbani, lile lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani. Subiri lipoe, kisha liinue. Tazama mahali bati la juu linapokutana na la chini. Tazama mlango wa majivu, vishikio, na vile vyuma vitatu vinavyobeba sufuria. Hakuna hata kimoja kilichojileta chenyewe. Jiko la zamani la bati tupu lilipoteza joto pembeni na kula makaa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya wa mwaka 1981, watu kadhaa walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, wakatafuta namna ya kulioanisha na bati ambalo mafundi wa Nairobi tayari walijua kulikata na kulikunja. Udongo ukawekwa nusu ya juu, ambako ndiko moto uliko, na kiuno kikawa ndicho kinachoubeba. Leo jiko hilo hutengenezwa kwa nyundo na tindo kando ya barabara, na limeenea hadi nchi nyingine nyingi za Afrika.

Kuamua mambo kama hayo ndiyo kazi inayofundishwa chini ya jina la usanifu wa bidhaa, au usanifu wa viwandani. Nakuandikia wewe uliyemaliza kidato cha nne na unayeikodolea macho orodha ya kozi, na pia mzazi wako anayeuliza kozi hii ni ya nini hasa. Wapo wanaoingia wakidhani wamekuja kuchora vitu vizuri, na wengi wao huvunjika moyo mwaka wa pili. Mchoro katika fani hii ni lugha tu ya kuandikia uamuzi. Kinachopimwa ni uamuzi wenyewe: kitu hiki ni cha nani, atakishikaje, nani atakitengeneza, kwa bei gani, na siku kikiharibika nani atakirekebisha.

Nchini Kenya, mahali panapojulikana zaidi kwa masomo haya ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho hutoa shahada ya sanaa katika usanifu kwa miaka minne. Mwanafunzi huanza na misingi ya pamoja, kisha huelekea tawi lake: michoro ya mawasiliano, mambo ya ndani ya majengo, nguo, au bidhaa. Idara inayotoa shahada hiyo haikuanza jana. Katika miaka ya 1960 Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, alifundisha Nairobi na kuandika kuhusu nafasi ya usanifu katika Afrika iliyokuwa imejitawala punde tu, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nathan Shapira, aliyetoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alishiriki kuijenga idara yenyewe. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, Makerere kuna shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930, na Chuo Kikuu cha Kyambogo nacho kina shahada ya sanaa na usanifu wa viwandani.

Unaona majina yanavyotofautiana. Basi usichague kwa jina la kozi. Tafuta orodha ya masomo ya kila mwaka, uangalie vitu vitatu: je, kuna saa za karakana kila muhula? Je, kuna somo la malighafi na njia za kutengeneza? Je, mwaka wa mwisho mwanafunzi hutakiwa kutoa kielelezo kinachofanya kazi, au mabango ya kubandika ukutani tu? Kozi isiyo na karakana itakufundisha kupendezesha picha za vitu. Hiyo nayo ni kazi, lakini ni kazi nyingine.

Kuhusu kuingia, sitakuchelewesha. Alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu nchini Kenya ni C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na nafasi hugawiwa na KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, kwa kufuata alama za makundi ya masomo, ambazo hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma masharti ya mwaka wako, si ya kaka yako. Ukikosa C+, stashahada ya kiufundi ni njia halali, na mara nyingine mwenye stashahada huingia karakana ya chuo kikuu akiwa na mikono mizoefu kuliko wenzake wote. Hesabu usizikimbie. Hutatakiwa kuwa bingwa wa kalkulasi, ila utapima pembe, utabadilisha vipimo kutoka mchoro hadi kitu halisi, na utapiga hesabu ya gharama hadi shilingi ya mwisho.

Jambo moja lifanye tangu leo, hata kama chuo hakilidai: fungua daftari lisilo na mistari. Kila siku chora kitu kimoja kilicho mbele yako kwa kukipima kwanza. Kikombe, kufuli, pampu ya baiskeli. Andika pembeni urefu, upana, na swali moja kuhusu kitu hicho.

Nikupe mfano wa swali kama hilo: kitu hiki kilikusudiwa nani? Jerikeni la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, na kilo moja zaidi ya chombo chenyewe. Jerikeni la asili lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi. Jina lake linatokana na Jerry, lakabu ambayo Waingereza waliwapa Wajerumani. Lilikuwa la chuma, lenye vishikio vitatu sambamba: mtu mmoja alilibeba kwa kile cha katikati, wawili walilibeba pamoja kwa vile vya kando, na mtu mmoja aliweza kushika mawili matupu kwa mkono mmoja. Ile alama ya msalaba iliyobonyezwa ubavuni iliupa ubavu nguvu na kuuachia nafasi ya kutanuka joto likipanda. Sasa litazame lile la plastiki la manjano lililoko jikoni kwenu, ambalo huenda lilifika likiwa na mafuta ya kupikia. Lina kishikio kimoja. Halikukusudiwa msichana wa miaka kumi anayelibeba mgongoni kwa kamba kupanda mlima, lakini ndiye anayelibeba. Umbo lilihama kutoka kwa mtumiaji mmoja hadi kwa mwingine na hakuna aliyekaa kumfikiria huyu wa pili. Mtu akikuuliza unasomea nini, mweleze hilo. Ataelewa.

Mwaka wa kwanza utachora mpaka kidole kiote sugu. Mistari iliyonyooka bila rula, duara, vitu kwa mtazamo wa pembe mbili, kisha michoro ya kiufundi inayoonyesha kitu kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu. Usiwaonee haya wenzako waliosomea sanaa shuleni. Kufikia mwisho wa mwaka tofauti hiyo hupungua sana kwa anayefanya mazoezi. Jifunze mapema kukaa kimya kazi yako inapokosolewa mbele ya darasa. Mhadhiri akisema kishikio ni kibaya hajasema wewe ni mbaya. Andika alichosema, uliza kwa nini, na usiku huohuo rekebisha.

Karakana ndipo pa kukaa zaidi.

Chuo cha umma kina wanafunzi wengi na mashine chache. Utakuta msumeno wa umeme mmoja na foleni ya watu ishirini wiki ya mwisho wa muhula, siku hiyohiyo ambayo umeme utakatika. Wanaolalamika ni wengi, na malalamiko yao ni ya haki: serikali inayotaka viwanda inapaswa kuzipa karakana za vyuo vyake mashine na vipuri. Lakini una miaka minne tu, na hutaweza kuisubiri bajeti. Kwa hiyo nenda karakana wiki ya kwanza, ikiwa tupu. Mtafute fundi wa karakana, mjue kwa jina, msaidie kufagia ikibidi. Mtu huyo amewaona wanafunzi wa miaka mingi wakikosea makosa yaleyale, na ndiye anayejua ni randa gani imenolewa na ni keekee gani inayumba. Kazi yako imalize wiki mbili kabla ya siku ya kuikabidhi, wakati foleni bado haipo.

Nunua vya kwako vichache: rula ya chuma, futikamba, kisu cha kukatia chenye nyembe za akiba, kalipa ya kupimia unene, msasa wa aina tatu, gundi ya mbao. Vaa viatu vinavyofunika vidole, na miwani ya kukinga macho hata kama hakuna anayekuangalia. Funga nywele, vua mkufu. Na ukifanya kazi kwenye mashine inayozunguka, kama keekee ya mezani au mashine ya kukerezea, usivae glavu. Kitambaa kikinaswa, mkono hufuata.

Kielelezo chochote kianzie kwenye kadibodi. Maduka hutupa kadibodi kila jioni, nayo ni malighafi ya bure usiyoogopa kuiharibu. Katika saa moja unaweza kukata vishikio vitano vya ukubwa tofauti na kuvijaribisha kwa watu kumi. Ukianza na mbao ya mninga utaipenda kazi yako kabla hujajua kama inafaa, na kitu kilichokwisha kupendwa ni vigumu kukitupa. Kadibodi kwanza, kisha sponji ngumu au mbao laini, halafu ndipo malighafi yenyewe.

Mimi nilijifunza hili kwa kiti. Tulipewa kazi ya kumtengenezea mama muuza mboga kiti cha kibandani. Nilitengeneza stuli ya sentimita 45, kimo kilichoandikwa vitabuni, nikaipiga msasa ikang'aa. Mama aliikalia kwa heshima, akanishukuru, kisha nikamwona akiinama, akiinama tena, kwa sababu mboga zake zilikuwa juu ya gunia chini. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mwanangu, hiki ni kiti cha mgeni." Nikaikata miguu hadi sentimita 25, nikaipanua kwa chini isipinduke akiegemea kando kuchukua sukuma. Kwa masomo yote ya vipimo vya mwili niliyoyasoma baadaye, sijapata lililonifaa kuliko jibu lile. Kabla ya kumchorea mtu kitu, kaa naye nusu siku. Usimuulize anataka nini. Wengi watakujibu kwa adabu wanachodhani unataka kusikia. Tazama mikono yake, mgongo wake, na vile vitu alivyojirekebishia mwenyewe kwa kamba na waya. Kila penye kamba na waya pana kazi iliyomshinda mbunifu wa awali.

Karakana yako ya pili iko nje ya lango la chuo. Nairobi kuna Kamukunji, ambako bati hugeuka majiko, masanduku na karai tangu alfajiri, na Gikomba, ambako vitanda na makabati hukamilika kwa siku moja. Kampala kuna Katwe. Kila mji una pake. Nenda huko, lakini nenda kwa adabu. Muda wa fundi ni unga wa watoto wake. Usisimame mbele yake saa tatu ukiuliza maswali kisha uondoke na shukrani. Nunua kitu, au mlipe akutengenezee kipande cha kielelezo chako, na umwombe ukitazame kinavyotengenezwa. Mpe mchoro wenye vipimo. Akikwambia bati halikunjiki hivyo, amini. Wazo likikua kwa mkono wake, jina lake litajwe katika ripoti yako, na kama kuna mauzo mbele, andikianeni mapema nani atapata nini. Wasomi wamewahi kuchuma huko bila kurudisha kitu, na mafundi wanakumbuka.

Huko pia utajifunza somo ambalo studio haiwezi kulifundisha vizuri: idadi. Tuseme umebuni kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kitakachotengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Tuseme kalibu hiyo inagharimu shilingi milioni moja. Ukitengeneza vikombe 1,000, kila kimoja kinabeba shilingi 1,000 za kalibu kabla hujanunua plastiki. Ukitengeneza 100,000, kila kimoja kinabeba shilingi 10. Umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi, na idadi ndiyo inayoamua kama kikombe chako ni bidhaa au ni ndoto. Wewe mwenye soko la vikombe 500 tafuta njia nyingine: bati lililokunjwa, mbao, udongo, au plastiki inayoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa, kama matangi ya maji, ambapo kalibu ni nafuu zaidi. Msanifu anayejua hili hukaa meza moja na mhasibu na mhandisi. Asiyelijua huitwa mwishoni kuchagua rangi.

Kumbukumbu ya nchi yetu inayo fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, matano, yakitembea. Ilikuwa kazi ya kujivunia na waliohusika wanastahili heshima. Lakini magari hayo hayakufika sokoni. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na kilichosalia ni karakana ya mitambo ambayo baadaye ilifanya kazi nyingine. Liweke gari lile kando ya jiko la makaa. Jiko halikusubiri kiwanda, kwa sababu waliolibuni walianza na swali la nani atalitengeneza, wakapata jibu Nairobi kwenyewe: watu wenye nyundo. Sisemi tusithubutu kubuni magari. Nasema swali la mtengenezaji liulizwe siku ya kwanza, si siku ya uzinduzi.

Kuhusu kompyuta nitakuwa mfupi. Usikope pesa kununua kompyuta ya bei kubwa mwaka wa kwanza. Tumia za maabara. Blender na FreeCAD ni programu za bure na zinatosha kujifunzia. Mashine za kuchapa vitu kwa tabaka za plastiki ni nzuri kwa kujaribu umbo, lakini kitu kinachochapika si lazima kitengenezeke kiwandani. Waajiri watakuuliza programu unazozijua, kwa hiyo zijue. Ila niliowaona wakidumu katika kazi hii ni wale ambao kompyuta ikizimika bado wanaweza kumweleza fundi jambo kwa kalamu juu ya kipande cha kadibodi.

Fedha zitasumbua. Karo ni upande mmoja, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaweza kukusaidia hapo, lakini kozi hii ina gharama ambayo haimo katika barua ya kuitwa chuoni: malighafi. Nunueni plaiwudi kwa pamoja, watu wanne kwa ubao mmoja. Watembelee maseremala jioni uwaombe au ununue vipande vya mabaki. Tenga kiasi kidogo cha fedha za malighafi mwanzoni mwa muhula na usikiguse kwa chakula. Mzazi, ukisoma hapa, mtoto akikuomba pesa za gundi na msasa, anakuomba vitabu.

Ukifika wakati wa mafunzo ya kazini, usikimbilie ofisi yenye viyoyozi tu. Omba nafasi katika kiwanda cha plastiki, cha samani za chuma, cha vyombo vya nyumbani. Watakapokupeleka ghala kuhesabu maboksi, hesabu vizuri, kisha mwombe msimamizi akuruhusu kukaa na fundi wa matengenezo kwa wiki moja. Ona kalibu ikifunguliwa. Gusa ule mteremko mdogo wa kuta zake unaofanya kitu kitoke bila kunasa, na utaelewa kwa nini ndoo nyingi ni pana juu kuliko chini.

Mradi wa mwaka wa mwisho uchague kwa kuangalia watu unaoweza kuwafikia kwa matatu ya shilingi hamsini. Kifaa cha wavuvi wa Lamu ni wazo zuri kwa anayetoka Lamu. Kama unakaa Kawangware, kuna wauza mahindi choma, mafundi cherehani na walemavu wanaohangaika na mitaro karibu na mlango wako, na utaweza kurudi kwao mara kumi. Umbo ulilobuni likiwa jipya, unaweza kulisajili katika taasisi ya mali ya viwanda, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Ulinzi wake ni wa miaka mitano, na unaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuuza, na kabla picha hazijasambaa kwenye simu za watu.

Bado hujajaza fomu? Basi kesho asubuhi panda gari hadi Kamukunji, au mahali pa mafundi palipo karibu nawe, ukiwa na daftari na futikamba. Chagua kitu kimoja kinachotengenezwa, kisimamie kuanzia bati hadi mnunuzi. Ukifika saa sita mchana masikio yanavuma kwa nyundo na bado una maswali, kozi hii iweke chaguo la kwanza.